Hariri Chini ya Miguu: Maswali Yenu Kuhusu Mazulia ya Kitibeti

Toleo lililopita tuligusia mazulia ya hariri yanayofumwa kwa fundo la Kitibeti, na barua zimetufikia kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa, Unguja na hata Muscat. Tumechagua zinazouliza mambo yanayowagusa wengi. Nyingine zilikuwa ndefu, tumezifupisha bila kubadili swali.

Duka moja hapa mjini linauza zulia la "hariri ya mianzi" la mita 2.4 kwa 3, bei yake haifiki theluthi ya lile la hariri nililoliona kwingine. Kwa macho yangu yanafanana, na hili la bei nafuu ndilo linalong'aa zaidi. Muuzaji anaapa kwamba yote ni hariri ya Tibet. Nitajuaje?
Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam

Mianzi haitoi hariri. Hariri hutoka kwa kiwavi wa nondo, anayeizungushia mwili wake kutengeneza kifuko. Ni protini, kama ilivyo sufu ya kondoo. Hiyo inayoitwa hariri ya mianzi, na mara nyingi ile ya migomba pia, ni viskosi: miti au mianzi iliyoyeyushwa kwa kemikali na kusukumwa kupitia vitundu vidogo hadi ikawa uzi. Kuiuza viskosi si kosa. Kosa ni kuiuza kwa jina la hariri na kumwacha mnunuzi gizani.

Kwamba la bei nafuu ndilo linalong'aa zaidi kusikushangaze. Viskosi inaweza kung'aa kuliko hariri yenyewe. Uzi wa hariri ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini una umbo linalokaribia pembetatu, kwa hiyo huvunja mwanga: ukilizunguka zulia rangi inahama, upande huu inakolea, ule inapauka. Lizunguke lote kabla hujauliza bei.

Kisha omba uzi. Muuzaji anayejua bidhaa yake huwa na nyuzi za sampuli. Akikosa, uzi mmoja unaweza kuchomolewa ukingoni. Ushike kwa kibano juu ya sahani, uuwashe kwa kiberiti. Hariri hujikunja kuukimbia moto, huungua polepole na mara nyingi hujizima yenyewe, hunuka nywele zilizoungua, na huacha punje nyeusi inayosagika kati ya vidole. Viskosi hushika moto mara moja, hunuka karatasi, na huacha majivu kidogo mepesi. Poliesta huyeyuka kwa moshi mweusi, na punje yake ikipoa ni ngumu, haisagiki. Sufu nayo hunuka nywele, lakini hiyo utaitambua kwa macho: imefifia mng'ao na nyuzi zake zina mawimbi madogo. Pima rangi mbili au tatu, maana yapo mazulia ambayo ua moja ni hariri na jirani yake ni viskosi.

Njia ya pili haihitaji moto. Lowesha uzi, uuvute. Viskosi ikilowa hupoteza kama nusu ya nguvu zake na hukatika bila ubishi. Hariri hupungua kidogo tu. Hasara ya viskosi nyumbani iko hapohapo: glasi ya maji matupu ikimwagika, mahali hapo panaweza kubaki na doa la manjano na nyuzi zilizolala zisiinuke tena. Katika chumba cha wageni kinachokanyagwa mara chache, na kwa bei ya viskosi, si kitu kibaya. Sebuleni penye watoto na chai, hapana.

Kuna jambo moja zaidi, na pengine lingetangulia yote: pindua zulia. Lililofumwa kwa fundo, mgongo wake huonyesha picha ileile ya mbele, fundo kwa fundo, na mistari yenye kasoro ndogondogo za mkono. Ukikuta kitambaa kimebandikwa mgongoni, hilo limedungwa kwa mashine ya mkono ya sindano, iitwayo bunduki: nyuzi zimepigwa kwenye turubai na kushikiliwa kwa gundi ya mpira. Muuzaji atakwambia limetengenezwa kwa mkono, na hasemi uongo, lakini halina fundo hata moja. Gundi ile huzeeka, joto la pwani likiiharakisha, ikawa unga chini ya zulia, na nyuzi zikaanza kung'oka. Matamvua yaliyoshonewa ni dalili nyingine. Matamvua ya kweli ni ncha za mtande wenyewe, yaani nyuzi za urefu zinazobeba mafundo. Ila kutokuwepo kwake si aibu, kwa sababu mazulia mengi ya kisasa kutoka Nepal huzikunja ncha hizo na kuzishona nyuma.

Nimeonyeshwa mazulia ya "60", "80" na "100". Nimeambiwa kubwa ndiyo bora. Je, nilipe zaidi nipate 100?
Msomaji, Kilimani, Nairobi

Inategemea picha iliyochorwa kwenye zulia. Namba hizo ni idadi ya mafundo katika inchi moja ya mraba. Mita moja ya mraba ina inchi za mraba 1,550, kwa hiyo zulia la 60 lina mafundo 93,000 kwa kila mita ya mraba, na la 100 lina 155,000. Zulia la futi 9 kwa 12 la mafundo 100 lina mafundo zaidi ya milioni moja na nusu, yote yamepita kwenye vidole vya watu.

Fundo lenyewe ndilo la kulielewa. Mfumaji wa Iran au Uturuki hufunga kila fundo peke yake na kulikata peke yake. Wa Kitibeti huweka ufito wa chuma mbele ya nyuzi za mtande, kisha huuzungusha uzi nyuma ya mitande miwili na kuupitisha juu ya ufito, tena na tena, bila kukata, mpaka mstari uishe au rangi ibadilike. Ufito ukijaa vitanzi hugongwa kwa nyundo ukae chini, halafu kisu hupita juu yake na kuvipasua vitanzi vyote. Vitanzi vikifunguka ndiyo manyoya ya zulia, na ufito hutoka. Unene wa ufito ndio unaoamua urefu wa manyoya.

Hapo unaona kwa nini fundo hili limependwa na wachoraji wa kisasa. Panapokuwa na uwanja mpana wa rangi moja, mkono unakwenda bila kusimama. Panapokuwa na maua madogo yenye rangi kumi, kila mabadiliko ni uzi mpya na muda mpya. Basi kwa zulia lenye uwanja mtulivu na mistari michache minene, 60 inatosha kabisa, na kwa kuwa uzi wake ni mnene, mguu unazama vizuri zaidi kuliko kwenye 100. Themanini ni ya michoro yenye mikunjo ya wastani. Lipa 100 pale tu ambapo kuna mstari mwembamba wa hariri, duara linalotakiwa liwe duara kweli, au rangi zinazoyeyukiana polepole. Kwa mafundo 60 duara dogo huonekana lina ngazi pembeni, na hakuna kuosha wala kunyoa kutakakolirekebisha.

Ubora mwingi zaidi uko kwenye uzi na kwenye kugonga. Kunja zulia kuelekea mgongoni, manyoya yakifunguka tazama chini yake. Ukiuona mtande mweupe kirahisi, halikugongwa vya kutosha na litalegea, hata kama karatasi inasema 100.

Je, mazulia haya yanafumwa Tibet kweli? Na nimesikia kuhusu watoto kutumikishwa viwandani. Sitaki kitu hicho nyumbani kwangu.
Msomaji, Arusha

Jina linataja fundo na asili yake. Mengi ya yanayouzwa duniani yanafumwa Nepal, katika bonde la Kathmandu, na mengine India, hasa eneo la Bhadohi. Watibeti walifuma kwa sufu tangu zamani, vitandiko vya kulalia vya takriban sentimita 90 kwa 180, na vya kuweka chini ya tandiko la farasi. Baada ya 1959 maelfu walikimbilia Nepal, na kwa msaada wa Waswisi ufumaji ulianzishwa katika kambi ya Jawalakhel, Lalitpur, jirani na Kathmandu. Katika miaka ya 1960 mazulia yakaanza kuuzwa Ulaya. Hariri imeingia kwa wingi kwa ajili ya soko hilo la nje. Leo wafumaji wengi ni Wanepali, na picha zinachorwa na watu wa kila pembe. Jan Kath wa Bochum, Ujerumani, kwa mfano, anajulikana kwa mazulia yenye nakshi za Kiajemi zilizofutikafutika kana kwamba zimelika kwa miaka, yaliyofumwa Nepal kwa sufu na hariri.

Habari za watoto ni za kweli, na ndizo zilizotikisa biashara hii miaka ya 1990. Mwaka 1994 Kailash Satyarthi, Mhindi aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2014, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa alama ya RugMark, ambayo tangu 2009 inaitwa GoodWeave. Wakaguzi wake huingia kwenye karakana bila taarifa, na kila zulia hupewa lebo yenye namba yake. Neno "la maadili" likiwa limeandikwa tu kwenye tangazo, bila namba, halina uzito. Uliza namba, kisha ihakiki na shirika lenyewe. Zulia lisilo na lebo halimaanishi moja kwa moja kwamba kuna mtoto nyuma yake, lakini muuzaji asiyeweza kukutajia hata karakana lilikofumwa amekwisha kukujibu.

Sebule yetu ina mita 5.2 kwa 4.3, vigae vyeupe, kochi moja refu na viti viwili. Mume wangu anataka zulia dogo katikati chini ya meza ya kahawa, mimi naona litaonekana limepotea. Na kwenye vigae halitateleza?
Msomaji, Nyali, Mombasa

Dada, kwa hilo tuko upande wako. Zulia dogo kwenye sakafu nyeupe huelea, na fanicha hukaa kila moja kivyake. Kwa vipimo hivyo tungechukua futi 9 kwa 12, yaani karibu mita 2.7 kwa 3.7. Litabaki na mita 0.75 za vigae kila mwisho na mita 0.8 kila ubavu, na miguu ya mbele ya kochi na ya viti itaingia juu yake kwa sentimita 20 hivi. Kabla ya kununua tandika mashuka kwa ukubwa huo, mkae nayo siku mbili. Mtaona mlango unapogota na mahali mnapopita zaidi.

Kwa mapito hayo, usichukue hariri tupu. Nyumba nyingi zinafaidika zaidi na uwanja wa sufu na mchoro wa hariri, hariri ikiwa kama robo ya zulia. Sufu ya kondoo wa nyanda za juu za Himalaya ina mafuta mengi ya asili, hukanyagwa na kuinuka, na uchafu hauingii haraka. Hariri ikiwa peke yake hulala chini ya nyayo na kuonyesha kila hatua. Zikikaa pamoja, sufu inanyonya mwanga na hariri inaurudisha, na mchoro unaonekana hata kama rangi zote mbili ni za kijivu. Kwa nyumba ya vigae vyeupe na samani chache, zulia la namna hiyo, rangi juu ya rangi jirani yake, huleta utulivu ambao nakshi yenye rangi nane haiwezi kuleta.

Kuteleza kunazuiwa na kitandiko cha chini, na hapa watu hubana pesa mahali pasipofaa. Tafuta cha felti, yaani kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa, yenye mpira wa asili upande wa chini, unene wa milimita 3 hadi 6. Kikate kiwe kidogo kuliko zulia kwa sentimita 2 au 3 kila upande ili ukingo ulale. Epuka zile nyavu laini za plastiki: kemikali zinazozilainisha huhamia kwenye sakafu na kuacha mistari, na kwenye joto hunata. Felti pia inazuia mafundo yasisagwe kati ya kisigino na kigae, na hilo linaongeza umri wa zulia.

Meza ya kahawa iwe nyepesi au iwe na vikombe chini ya miguu. Hariri iliyobanwa na mguu mzito mwaka mzima haiinuki yote.

Assalaam alaykum. Zulia letu la hariri na sufu limewekwa kwenye majlisi. Ukiingia kwa mlangoni ni la samawati iliyokolea, ukikaa upande wa dirisha ni kama fedha. Wageni wanasema nimeuziwa vipande viwili vya rangi tofauti. Pia tunafukiza udi kila siku, je kuna madhara?
Msomaji, Muscat, Oman

Wa alaykum salaam. Zulia lako ni zima. Manyoya ya zulia la fundo hulala upande mmoja, kuelekea mwisho ambao ufumaji ulianzia. Ukitazama manyoya yakikuelekea, unaona ncha zake na rangi inakolea. Ukitazama yakikupa mgongo, unaona ubavu wa nyuzi, mwanga unarudi na rangi inapauka. Pitisha kiganja: upande mmoja ni laini, ukirudi unakwaruza kidogo. Kwenye hariri tofauti hii ni kubwa kuliko kwenye sufu. Chagua wewe ni upande gani wageni waupokee wakiingia, na uligeuze zulia nusu duara kila miezi sita, kwa sababu jua la dirishani kwenu halina huruma. Miale yake huifanya hariri iwe ya manjano na ikatike. Pazia jepesi saa za mchana litakusaidia kuliko dawa yoyote.

Moshi wa udi una mafuta, hutua juu ya hariri na kuushikilia mchanga. Chetezo kikae juu ya sinia, kwenye sakafu tupu, nje ya ukingo wa zulia. Hariri na sufu hazishiki moto kirahisi, lakini kaa moja likidondoka huacha tundu, na tundu la hariri ni kazi ya fundi. Fyonza vumbi mara moja kwa wiki kwa mashine isiyo na brashi inayozunguka, au uzime brashi yake, ukifuata mlalo wa manyoya. Mchanga wa jangwani una ncha kali. Ukiachwa uzame hadi kwenye shina la fundo hukata nyuzi kwa kila hatua, na utaona zulia limepungua manyoya bila kujua yalikokwenda.

Tuko Unguja, karibu na bahari. Chini ya kabati zulia limeanza kunuka ukungu, na nimeona vipande vilivyoliwa. Niweke karafuu au dawa ya vidonge vyeupe?
Msomaji, Mbweni, Unguja

Karafuu inanukia, haiui viwavi. Vidonge vyeupe katika chumba cha wazi havifanyi kazi pia, na mvuke wake si salama kwa wanaolala humo.

Anzeni na kujua anayekula. Nondo wa nguo ni mdogo, wa rangi ya majani makavu, hukimbia mwanga. Viwavi vyake hula sufu na huacha vifuko vidogo na punje kama mchanga. Hariri safi huigusa kwa nadra, lakini yenye jasho au chakula huila. Mbawakavu wa mazulia hula zote mbili, na utaona magamba yenye vinyweleo. Wote wanapenda giza lisilosumbuliwa, na ndiyo maana uharibifu umeanzia chini ya kabati. Ondoeni kabati hapo. Fyonzeni mbele na mgongoni, polepole, kisha mfuko wa mashine utolewe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Rudieni kila wiki kwa miezi miwili, kwa sababu mayai yaliyobaki yataanguliwa. Zulia dogo linaloweza kuingia kwenye friza lifungwe ndani ya plastiki isiyopitisha hewa na likae wiki mbili kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Kubwa lipelekwe kwa fundi wa kuosha kwa mkono.

Ukungu ni habari ya unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kwa siku nyingi, ukungu huota, na hauanzii kwenye hariri; huanzia kwenye mtande wa pamba. Pamba ikioza zulia hupasuka likikunjwa, na huo ndio mwisho wake. Kipimo cha unyevu ni kidogo na si ghali, kiwekeni chumbani. Kiyoyozi chenye sehemu ya kukausha hewa kiwashwe saa kadhaa wakati wa masika. Zulia lianikwe asubuhi kivulini, kifudifudi, mgongo ndio uwe juu, kwa saa moja au mbili penye upepo. Likishanuka, msilirudishe sakafuni mpaka mgongo uwe mkavu kabisa mkiugusa kwa shavu.

Juisi ya ukwaju ilimwagika. Dada wa nyumbani alisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kisha jiki kidogo. Doa limepungua ila hariri imekuwa ngumu kama kamba na imepauka. Inarudi?
Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam

Sehemu iliyoguswa na jiki hairudi. Klorini huyeyusha protini, na hariri na sufu zote ni protini. Sabuni nyingi za unga nazo zina vimeng'enya vilivyowekwa makusudi kula protini za damu na chakula. Haviwezi kutofautisha kati ya damu na hariri. Juu yake kuna magadi ya sabuni na joto, ambayo huondoa mng'ao. Mpigieni fundi anayejua hariri. Kama sehemu ya ugumu inatokana na mabaki ya sabuni, kusuuza kwa maji baridi yenye asidi kidogo kutailainisha. Palipoliwa patahitaji kufumwa upya.

Dada asilaumiwe, alifanya afanyavyo kwenye shuka. Muonyesheni utaratibu huu. Kimiminika kikimwagika, kitambaa cheupe cha pamba kibonyezwe juu, bila kusugua, kuanzia pembeni kwenda katikati, kikibadilishwa kila kinapolowa. Kisha kitambaa kingine kilichoguswa maji baridi tu kibonyezwe, halafu kikavu. Doa likibaki, changanyeni kijiko kimoja cha chai cha siki nyeupe kwenye kikombe cha maji, jaribuni kwanza kwenye kona kwa kubonyeza kitambaa cheupe kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, acheni hapohapo. Kikitoka cheupe, bonyezeni doa kidogokidogo. Mwisho laza manyoya kwa kiganja kufuata mlalo wake, washa feni, usikanyage mpaka pakauke. Ukwaju, zabibu, kahawa na manjano vikikaa usiku kucha ni kazi ya fundi.

Zulia la hariri chini ya meza ya chakula?
Msomaji, Tanga

Hapana. Weka la sufu, lizidi meza kwa sentimita 70 kila upande ili kiti kikivutwa nyuma kibaki juu ya zulia.

Tunajenga, na tunataka kuagiza moja kwa moja kutoka Kathmandu kwa vipimo vyetu. Tuandike nini kwenye oda tusije tukajuta?
Msomaji, Runda, Nairobi

Oda nzuri huanza na mchoro, si na bei. Karakana itauhamishia kwenye karatasi ya miraba ambayo kila mraba ni fundo moja. Iombeni, muone duara na mikunjo inavyotoka kwa idadi ya mafundo mliyochagua. Rangi zichaguliwe kutoka kwenye vishada vya nyuzi halisi, si kwenye simu, na viwe viwili kwa kila rangi: cha sufu na cha hariri. Rangi ileile ikitiwa kwenye hariri hukolea na kung'aa, kwenye sufu hufifia. Vitazameni mchana dirishani na usiku chini ya taa mtakazotumia.

Kisha lipieni kipande cha mfano, sentimita 60 kwa 60 ikiwezekana, chenye ile sehemu ngumu zaidi ya mchoro. Kisainiwe na ninyi na karakana pia, nusu ibaki kwenu, kwa sababu ndicho kitakachoamua ugomvi. Watu wengi hukiruka hiki kuokoa wiki chache. Mabishano mengi kuhusu rangi huanzia hapo.

Kwenye karatasi ya oda yaandikwe haya bila kuacha: vipimo kwa sentimita, mafundo kwa inchi ya mraba, urefu wa manyoya kwa milimita baada ya kunyolewa, na kama hariri itaachwa juu ya sufu au itakuwa sawa nayo, asilimia ya hariri na ni sehemu zipi za mchoro, kwamba ni hariri ya kiwavi na si viskosi, mtande wa pamba, ncha za aina gani, na lebo ya ukaguzi yenye namba. Zulia la mkono haliwezi kutoka na kipimo kamili. Kubalianeni tofauti ya asilimia 2 au 3, na kama litawekwa kwenye sakafu iliyozamishwa, msichimbe sakafu mpaka limefika.

Kuhusu muda, miezi minne hadi sita ni matarajio ya haki kwa zulia kubwa la mafundo 100. Angalieni kalenda yao. Likishafumwa huoshwa kwa maji mengi na kukaushwa juani, na masika ya Nepal, Juni hadi Septemba, huchelewesha ukaukaji. Baada tu ya hapo, Septemba au Oktoba, kuna sikukuu ya Dashain, wafumaji hurudi vijijini kwao na karakana hufungwa. Anayetaka zulia la Desemba aagize mapema mwaka huohuo. Nepal haina bandari. Shehena ya baharini hupitia bandari za India, hasa Kolkata, kwa hiyo zulia moja au mawili ni afadhali yaje kwa ndege, yakiwa yameviringishwa kwenye bomba gumu na kufungwa plastiki. Lisikunjwe kwa hali yoyote, mikunjo huvunja hariri.

Na muombe jambo moja ambalo karakana zitalitoa bila tatizo likiombwa mapema: gramu 100 au 200 za uzi uliobaki wa kila rangi, kutoka kwenye chungu kilekile cha rangi. Uwekeni gizani, pakavu, ndani ya mfuko wa pamba wenye namba ya oda. Miaka kumi baadaye kaa la moto likitoboa, fundi atafuma tundu lile kwa uzi uleule. Zulia likifika, lifungueni mchana, mkalipime, mkalilinganishe na kipande cha mfano, na mpige picha mgongo wake kabla ya kusaini karatasi ya mapokezi.